Goti la Maalim Bakari

Vijana wa karakana wameniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla yao, nami nimekubali kwa sababu tangu nistaafu asubuhi zangu ni ndefu. Namna ya kupima kigutu cha mguu uliokatwa, kuchanganya plasta na kulaza ngozi juu ya kalibu hawatazipata hapa. Hayo yamo vitabuni, na vitabu nimewaachia katika kabati la chini, pamoja na mchwa wake. Vyeo pia siviandiki. Kimoja nilichowahi kupewa kilikuja na koti jeupe lililokuwa kubwa kwangu, nikalipunguza mwenyewe.

Nilianza hospitalini kama mshonaji wa shuka. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya dobi, na karakana ya miguu ya bandia ilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo miaka miwili mizima nilisikia nyundo bila kujua inapiga nini. Siku moja mlango ulifunguliwa akaingia mzee mwembamba mwenye kofia iliyodariziwa kwa mkono, ameshika ukanda wa ngozi uliokatika.

"Masalkheri, mabibi. Nani hapa awezaye kushona ngozi bila kulia?"

Wenzangu walicheka. Mimi nilikuwa nimewahi kumshonea baba yangu mkoba wa ngozi, nyumbani kwetu Rabai, nikasema najua. Nilimaliza ukanda ule kabla ya chai ya alasiri, akautazama kwa nje, akaugeuza akautazama kwa ndani, akaondoka nao. Kesho yake nilihamishwa.

Huyo ndiye Fundi Athmani, aliyenifundisha kila kitu isipokuwa majina ya mifupa. Alizaliwa Mji wa Kale katika nyumba ya washonaji wa makubadhi. Alikuwa akisema kwamba wazee wake waliwavisha watu miguuni, lakini yeye amepanda cheo, anawavisha miguu yenyewe.

Siku ya kwanza ya kila mwanagenzi ilikuwa moja. Hukabidhiwi chombo chochote. Unakunjwa goti lako zima, linafungwa kwa mkanda, na chini yake unafungiwa mguu wa mti; kisha unasimamishwa baina ya zile reli mbili za mbao ambapo wagonjwa hujifunza kutembea. Mimi nilisimama nimezishika reli kama mtu aliyeshikilia mapembe ya ng'ombe.

"Kanyaga," akasema Fundi Athmani.

"Siuhisi, Fundi."

"Nani kakwambia utauhisi? Ni mti huo. Kanyaga."

"Nikianguka je?"

"Ukianguka utakuwa wa kwanza kujua. Kanyaga, Mama Neema, watu wana kazi."

Nilianguka. Nikarudi, nikaanguka tena, upande ule ule. Mara ya tatu nilikuwa nimechoka kiasi kwamba niliacha kuuchunguza mguu, nikauachia uzito wangu wote, nao ukasimama. Tangu hapo nilielewa vile wagonjwa wetu wanavyoelewa: mguu hauwezi kukuthibitishia chochote kabla hujauegemea. Jumapili iliyofuata mhubiri wetu alifundisha juu ya kumtumaini Mungu katika mambo tusiyoyaona. Nilikaa kwenye benchi kama mwanafunzi aliyekwisha kuufanya mtihani huo, na nilidhani nimefaulu.

Majina ya mifupa nilijifunza peke yangu. Karibu na Marikiti palikuwa na mtu aliyeuza vitabu vilivyotumika, akivipanga chini juu ya gunia, na kwake nilinunua kitabu cha wauguzi kisicho na jalada wala kurasa za mwisho. Nilikisoma nyumbani Tudor, mfupa baada ya mfupa. Mifupa haina kabila wala dini, lakini ina majina ya Kilatini, na majina hayo yalinichosha kuliko mifupa yenyewe. Kwa kuwa kitabu kilikatika kabla ya mwisho, magonjwa ya ngozi hadi leo siyajui.

Kuhusu vyombo nitasema kimoja tu, timazi. Ninyi sasa mna vifaa vya kusawazisha vilivyoletwa katika masanduku yenye sifongo. Vitumieni. Lakini kabla mgonjwa hajatoka mlangoni, shusheni uzi wa timazi kutoka nyongani, upite gotini, ufike kisiginoni. Uzi hauna haja ya umeme, na Mombasa umeme una tabia zake.

Sasa niwaeleze sheria mbili za karakana, kwa maana bila hizo habari hii haitaeleweka.

Ya kwanza: mgonjwa haambiwi juu ya kifaa mpaka kifaa kiwe rafuni. Nyayo za mpira na magoti ya chuma vililetwa na wafadhili kutoka nje kwa kontena, na kontena ni kitu cha kuahidi na kuchelewa. Fundi Athmani hakutaka mtu aishi juu ya ahadi ya kontena.

Ya pili ilihusu miguu inayorudi. Mgonjwa wetu alipofariki, mara nyingi jamaa zake walituletea mguu wake. Mwana wa marehemu angetokea mlangoni na gunia, baada ya arobaini, na kusimama kama aliyetumwa kwa jambo asilojua jina lake. Tulimpa chai. Kikombe, yaani ile sehemu inayopokea kigutu, hatukukitumia, maana cha mtu mmoja hakimfai mwingine. Lakini goti la chuma tulilifungua, tukalisafisha kwa mafuta ya taa, tukalitia grisi, likasubiri mwenyewe mpya. Sheria ya Fundi Athmani ilikuwa kwamba hatuendi kuuliza. "Mguu haudaiwi," alisema. "Hurudi." Kwake kwenda nyumba ya msiba kuuliza chuma kulikuwa kitendo cha mtu asiyelelewa, na kwa miaka mingi sikuona sababu ya kumpinga. Miguu ilirudi.

Katikati ya miaka ya tisini aliletwa kwetu Kazungu. Alikuwa kuli bandarini, kijana wa Kaloleni aliyekaa Majengo na mkewe Kadzo na watoto watatu. Furushi la nondo lilikatika kamba likamwangukia pajani, na madaktari waliukata mguu juu ya goti. Kidonda kilipona vizuri. Kigutu chake kilikuwa kizuri pia, naomba msishangae neno hilo; mkikaa sana katika kazi hii mtaona kwamba kipo kigutu kizuri.

Kazungu alikuwa na hati safi, na kabla ya ajali nyapara wake alikuwa akimpa kuandika hesabu za magunia. Kampuni iliahidi kumweka karani wa geti. Wangemshikia nafasi hadi mwaka mpya. Kazi yenyewe ilitaka mtu akae katika kibanda kidogo, kisha lori likifika atoke, apande ngazi fupi, aangalie shehena kwa juu, ashuke, arudi kukaa. Kwa hiyo alihitaji mguu unaokunja. Alihitaji goti.

Mwaka ule kontena halikuja. Zilikuja barua za kuomba radhi, nzuri sana, kwenye karatasi nene.

Tulijaribu. Fundi Athmani alichora goti kwenye kipande cha kadibodi, nami nikakipeleka kwa fundi wa kuchomelea huko Majengo, aliyetutengenezea bawaba mbili za chuma. Tulizifunga kwenye mguu wa mvule. Kazungu alisimama baina ya reli, akapiga hatua ya kwanza, ya pili, na katika ya tatu goti likakunjika peke yake, akabaki ananing'inia kwa mikono.

"Mama Fundi," akaniambia akicheka huku jasho linamtoka, "huu ni mlango. Umefunguka hata sijapiga hodi."

Fundi Athmani hakucheka. Aliufungua mguu ule siku hiyo hiyo na zile bawaba akazitia kwenye mlango wa stoo, ambako zipo hadi leo na zinafanya kazi vizuri.

Tukamtengenezea mguu ulionyooka, usio na goti, ili angalau asimame. Akajifunza kuutembelea haraka. Nikafuatana naye hadi getini Kilindini ili nyapara amwone. Nyapara alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya taratibu, na nataka kuwa mwadilifu kwake: hakuwa katili.

"Kazungu! Karibu, bwana. Hebu kaa kitini pako tukuone."

Kazungu akaingia kibandani, akakaa. Mguu ukatoka nje kupitia mlangoni, umenyooka, ukavuka njia ya kupitia watu. Dereva wa lori aliyekuwa akingoja akatoa kichwa dirishani.

"Karani, hicho ni kizuizi? Nilipe ushuru nipite?"

Watu wakacheka, na Kazungu akacheka nao. "Lipa," akasema. "Lakini risiti huna."

Nyapara alinivuta kando. "Mama, mimi namtaka huyu. Mkono wake naujua. Lakini mwaka mpya wakubwa wataniuliza jina, nami sitaweza kuwaandikia jina la mtu asiyeweza kupanda ngazi ile. Nileteeni goti."

Tuliporudi wodini, mkewe Kadzo alikuwa akitungoja na uji. Alimtazama mumewe, akanitazama mimi, akamimina uji. Kazungu akamwambia, "Wamesema goti tu. Mungu atatoa."

Maneno hayo ningeyasikia kila siku. Wodi ile ilikuwa na watu wa kila dini, na kila asubuhi kabla ya chai Kazungu aliomba kwa sauti ya chini akiwa amekaa kitandani, bila kumsumbua mtu. Hakuwa mtu wa kelele za imani. Alisema haja yake kama mtu anayemweleza jirani, kisha akanywa chai. Mimi, mzee wa kanisa, niliyejua maandiko mengi kuliko yeye na kwa mpangilio, nilimwonea wivu.

Wiki chache baada ya safari ile ya getini alifariki Maalim Bakari.

Maalim Bakari alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani katika Mji wa Kale, na mgonjwa wetu wa miaka mingi. Naye alikatwa juu ya goti. Goti lake lilikuwa bora kuliko yote yaliyowahi kuja katika kontena: la chuma kizito, lenye kufuli ndogo pembeni, ukitaka kukaa unaifungua kwa kidole, ukisimama inajifunga yenyewe kwa mlio mdogo. Wanafunzi wake walikuwa wakiusikia mlio huo ukiingia uchochoroni, wakaanza kusoma kwa bidii. Goti hilo nililifunga mimi mwenyewe na nililijua kama ninavyojua kufuli ya mlango wangu. Fundi Athmani naye alilijua. Habari ya msiba ilipofika, tulitazamana juu ya meza ya kazi, na hakuna aliyetaja jina la Kazungu.

Tulikwenda kuhani pamoja. Yeye alibaki nje barazani na wanaume. Mimi niliingia ndani kwa wanawake. Bi Zuhura, mjane wa Maalim, alikuwa amekwisha kukaa eda. Kwa miezi minne na siku kumi hangetoka nje, wala hangeonana na wanaume wasio mahrimu wake, yaani wasio ndugu zake wa karibu. Alikuwa amekaa chini, amevaa nguo nyeupe, na baada ya dua na kahawa aliniita nisogee karibu. Mguu ulikuwa pembeni mwa kitanda, umesimama, umevaa soksi na kiatu, umefunikwa kanga hadi chini ya goti.

"Nimekuona ukiutazama," akasema.

"Naona umetunzwa vyema, bibi."

"Nilikuwa nikiufuta kila asubuhi kabla hajaamka. Na leo nimeufuta. Mkono umezoea." Akaniangalia. "Kuna haja yoyote ya karakana, Mama Fundi? Sema. Hapa si ugenini."

"Hapana, bibi," nikamjibu. "Nimekuja kuhani tu."

"Ahsante, mwanangu. Mungu akulipe."

Nje, Fundi Athmani alingoja mpaka tukawa tumeingia Ndia Kuu, mbali na masikio ya barazani.

"Upo?"

"Upo. Pembeni mwa kitanda."

"Kasemaje?"

"Kaniuliza kama kuna haja. Nimemwambia hapana."

"Vyema." Tulitembea. Kisha akasema, kama aliyeulizwa, "Mwenye eda hagongewi mlango kwa ajili ya chuma, Mama Neema. Watu wangesema karakana inakaa juu ya maiti kama kunguru. Tungoje. Utarudi."

"Na Kazungu?"

"Kazungu ana Mungu wake, nawe unaye. Muombeni."

Hakusema kwa kejeli. Fundi Athmani hakuwahi kukosa sala hata moja kwa miaka yote niliyomjua, na jambo la kumwomba Mungu hakulifanyia mzaha. Aliamini kabisa kwamba njia ya heshima ndiyo njia iliyo salama, na kwamba kitu kinachokuja kwa heshima hakichelewi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, Mkristo katika mji wa watu wenye taratibu za kale kuliko zangu, na niliona fahari kuzijua taratibu hizo. Nikangoja.

Asubuhi moja nilipita wodini kupima kigutu cha Kazungu, maana kigutu hupungua na lazima kipimwe mara kwa mara. Alikuwa amemaliza kuomba.

"Mungu atatoa, Mama," akasema. "Sijui wapi, wala kwa mkono wa nani. Lakini atatoa."

Nilikuwa nimeshika utepe wa kupimia. Nikaandika kipimo, nikamwambia kinaendelea vizuri. Yeye hakujua wapi. Mimi nilijua: ghorofa ya kwanza, chumba cha uani, pembeni mwa kitanda, mwendo wa kutembea kutoka hospitalini usiotosha kumtoa mtu jasho. Sheria ya kwanza ilinizuia nisimwambie, na ya pili ikanizuia nisiende. Zote mbili zilikuwa sheria nzuri. Ningezifundisha kwa mtu yeyote, na nilizifundisha.

Nilikwenda mara moja. Nilikuwa nimetoka kununua nyuzi, nikapita uchochoro ule, nikafika hadi kizingitini. Juu nilisikia sauti za wanawake wakisoma, kwa pamoja, polepole. Nilisimama na kifurushi changu cha nyuzi mpaka mwanamke aliyekuwa akipita akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia la, nikaondoka.

Katika maombi yangu ya jioni nilimwomba Mungu aulainishe moyo wa Bi Zuhura auachie mguu. Niliomba hivyo juma baada ya juma, kwa utaratibu, pamoja na haja nyingine. Sikumwomba anitume mimi. Halikunijia kabisa wazo hilo, na hilo ndilo ninalolitafakari zaidi sasa ninapokuwa na muda. Tumefundishwa kwamba kumtumaini Mungu ni kutulia na kumwachia. Kazungu alitulia, na utulivu ule ulikuwa haki yake, kwa sababu hakujua. Mimi nilikuwa nimeazima utulivu usio wangu.

Mwaka mpya ulifika. Nyapara alimtuma mtu wake na salamu, na kikapu cha maembe, na habari kwamba wakubwa wameandika jina jingine. Kazungu aliuliza ni nani. Akaambiwa ni kijana wa Changamwe, ana watoto wawili.

"Basi nao watakula," akasema Kazungu.

Kisha akageukia ukutani, akalala hivyo hadi jioni. Kadzo aligawa maembe wodi nzima, hakubakisha hata moja. Kabla mwezi haujaisha alikuwa amefunga vyombo vya chumba chao cha Majengo akarudi Kaloleni na watoto, kwa kuwa kodi haikuwa na mlipaji. Yule mkubwa, msichana aliyekuwa akisoma vizuri, aliacha shule ya mjini. Nilimwona siku walipokuja kumuaga baba yao. Alikuwa amevaa sare za shule, nadhani kwa sababu ndizo nguo zake nzuri.

Eda ya Bi Zuhura ilikwisha. Siku chache baadaye, asubuhi, mlango wa karakana ulipigwa hodi, akaingia yeye mwenyewe katika buibui, na nyuma yake mpwa wake amebeba kitu kirefu kilichofungwa katika kanga mpya. Ilikuwa safari yake ya kwanza mbali na mtaa wake. Fundi Athmani alisimama, akainamisha macho, akamkaribisha kiti.

"Sabalkheri. Nimengoja mje," akasema Bi Zuhura. "Hamkuja."

"Tulikuwa tukikungoja umalize, bibi," nikasema.

"Nami nilikuwa nikingoja mniombe. Marehemu aliniusia. Alisema, Zuhura, goti hili si langu, ni la watu, siku nikifa, siku ile ile lirudi. Sasa mimi nitafanyaje? Nikimpa mtu autoe nje, mtaa mzima utasema hata tanga halijaanuliwa anatupa vitu vya mumewe. Nikasema, atakuja Mama Fundi kuhani, nitampa mkononi, wanawake kwa wanawake, hapana atakayesema neno. Ukaja. Nikakuuliza."

"Uliniuliza, bibi."

"Ukasema hapana haja."

"Nilisema."

Fundi Athmani aliweka tupa chini. "Bi Zuhura, lawama ni yangu. Mimi ndiye niliyemfunza hivyo."

"Si yako wala yake," akasema yule mama. "Sote tulikuwa na adabu. Ilituzidi." Akaushika mguu kwa juu ya kanga, akaunyoosha ulalo wake juu ya meza kama anayemlaza mtoto. "Yupo anayeuhitaji?"

"Yupo."

"Mguu umemkuta kwa wakati?"

Nilimtazama Fundi Athmani. Alikuwa akitazama sakafu.

"Umemkuta mzima, bibi," nikasema.

Alishukuru Mungu kwa hilo, akanywa chai yetu, akaondoka. Sijamwambia yaliyobaki, na kwa kuwa sasa naye ametangulia, sitamwambia.

Kuanzia wiki ile niliibadilisha sheria ya pili, na Fundi Athmani hakunizuia. Tulikuwa tukimtuma mtu mapema: mwanamke kwa mwanamke, mwanamume kwa mwanamume, kwa maneno mafupi na ya upole, kabla ya arobaini. Katika nyumba zote tulizokwenda nakumbuka mbili tu zilizokasirika. Ninyi endeleeni hivyo. Msidhani kwamba anayenyamaza hataki kutoa. Huenda naye anachunga heshima yenu.

Tulilifungua goti la Maalim Bakari, tukalisafisha, tukalifunga kwenye mguu mpya wa Kazungu. Niliushusha uzi wa timazi, ukapita palipotakiwa. Alitembea baina ya reli, kisha nje ya reli, kisha akaenda kukaa kwenye kila kiti kilichokuwamo karakana, hata kile kibovu, kwa ajili ya kusikia kufuli ikifunguka na kufunga. Nikamwacha amalize viti vyote. Halafu nikamweleza. Nilimwambia goti lilikuwa la nani, lilikuwa wapi, tangu lini, na nilichoulizwa, na nilichojibu.

Akaichezea ile kufuli kwa kidole.

"Kwa hiyo lilikuwapo," akasema.

"Lilikuwapo."

"Siku zote zile nilizokuwa nikiomba."

"Ndiyo, Kazungu."

"Basi Mungu alikuwa ametoa."

Nilingoja aendelee. Nilitaka aniambie neno lolote baada ya hapo, la hasira au la msamaha. Nikamuuliza mwenyewe, "Na kazi? Na shule ya binti?"

"Hilo sijui, Mama." Hakuinua macho. "Sina jibu lake. Usitake niwe nalo. Namtumaini, lakini sijui."

Siku ya kuondoka kwenda Kaloleni Kazungu alikuja karakana na begi lake begani, kijana wa nduguye akimngoja nje na magongo ambayo hakuyataka tena. Aliniomba nimwombee kabla ya safari, kwa kuwa mimi ni mzee wa kanisa. Nikafumba macho na kufungua mdomo. Maneno ninayo mengi, ya safari, ya shukrani, ya mwaka mpya, na siku ile hakuna hata moja lililokuja. Kazungu alingoja kwa adabu. Alipoona nimekwama, akaomba mwenyewe, kwa sauti ile ya chini ya asubuhi. Alimshukuru Mungu kwa Maalim Bakari na kwa Bi Zuhura, akiwataja kwa majina. Alimwambia kwamba kazi imekwenda, na kwamba anaomba nyingine, na kwamba hajui itatoka wapi huko Kaloleni. Akaomba binti yake asome. Akamwomba Mungu ampe Mama Fundi usingizi.

Nilisikia amina ya Fundi Athmani kwanza, nyuma yangu, akijipangusa uso kwa viganja vyake. Kisha ya yule kijana, mlangoni. Yangu ilikuja mwisho, wakati Kazungu alipokuwa amekwisha kugeuka na kuanza kushuka ngazi za nje, moja baada ya moja, bila kushika ukuta.